Mgeni wa Kiti Kitupu

Kiti kilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuinuka, na chumbani hamkuwa na mtu.

Fundi cherehani akarudisha mkono upesi. Kile kiti alikiweka mwenyewe, jana yake, mbele ya cherehani, kwa agizo la mshauri wake wa mtandaoni. Maana tangu ajali iliyomuua mumewe, naye alibaki nusu mtu: breki ikilia barabarani moyo unamruka, na siku nyingine hata kuoga anaona mlima. Siku alipomsahau bintiye bafuni, maji yakifurika, dada yake mkubwa alimchukua mtoto akasema, "Mshauri wako akiniambia umepona, namrudisha siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo usinisumbue, mdogo wangu." Basi kupona kukawa ndiyo njia pekee ya kumpata mwanawe.

Mshauri alikuwa mwanamke mpole, wa sauti tu; kwa mtandao ule wa kusuasua, kamera walishaisahau. "Weka kiti kitupu," alimwambia. "Ikaribishe hofu yako ikae, uongee nayo. Mwishoni tutaiaga iende zake."

Haya, mwambie mtu aliyelelewa akaleleka akaribishe mgeni! Fundi alikung'uta mto, akasema kwa adabu zake zote, "Karibu, pita, keti, jisikie uko kwako." Hajatia neno la pili, bando likakatika. Akiwa anahangaika kuweka jingine, mteja akapiga hodi na suruali ya kupunguza, na habari ya kuaga ikapotelea hapo.

Ndiyo hilo joto sasa. Alipokwenda jikoni kujituliza kwa maji, akaisikia cherehani asubuhi kweupe: trrr, kimya, trrr. Akarudi mbio, pedali ikatulia, na chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua. Kitini palikuwa na gauni jipya, kitambaa kama cha lile alilovaa, kipimo chake barabara, ila mikono iliteremka hadi magotini. Jamani!

Akampigia mshauri, mkono umeziba mdomo.

"Kuna mtu humu ndani."

"Unamwona?"

"Simwoni. Namsikia anavuta pumzi. Nikivuta, anavuta."

"Hiyo ni hofu, dada. Usipigane nayo."

"Basi tuiage! Nakuomba."

"Sasa hivi nina mtu mwingine. Nitakupigia mchana, tutaanza na hilo. Ukiendelea vizuri, nitaongea na dada yako."

Simu ilipokatika, nyuma ya shingo yake, karibu kiasi cha kuhisi uvuguvugu, sauti yake mwenyewe ikalijaribu neno, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma: "Naku... nakuo... nakuomba."

Alitoka mbio bila viatu, simu akaiacha palepale mezani, akaenda kujibanza barazani kwa mteja wake akisingizia kichwa kinamuuma, na kila akitaka kuinuka miguu inamgomea, mpaka jua lilipoanza kupoa ndipo alipokumbuka kwamba mchana umeshapita, kwamba mshauri amepiga na hakupokelewa, na kwamba asiyepokea simu haambiwi amepona wala haletewi mtoto. Wazo hilo likamtisha kuliko kile kilichokuwa ndani, akarudi, roho mkononi.

Simu ilikuwa kitini. Palikuwa na ujumbe wa mshauri: "Hongera! Sijawahi kukusikia umetulia hivi. Nimeshamwambia dada yako umepona."

Akampigia dada yake.

"Dada, usimlete mtoto! Nakusihi, usimlete!"

"We una nini wewe?" dada akashangaa. "Si nimekukabidhi sasa hivi hapo mlangoni? Umenikumbatia mpaka mbavu zimeniuma."

Ndipo alipomsikia bintiye akicheka chumba cha kulala. Akauvamia mlango; umefungwa kwa ndani. Akaugonga kwa ngumi zote mbili, akaita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka.

Kicheko kikakoma.

"Mama," mtoto akauliza kule ndani, "nani anagonga?"

Na sauti yake mwenyewe ikajibu kwa upole, upande wa pili wa mlango:

"Hakuna mtu, mwanangu."