Daktari Asiyetaka Udaktari

Mvua ilipokatika asubuhi ile, binti wa fundi makochi alitoka na ufagio kuondoa maji uani, kama ilivyokuwa kazi yake kila mvua inyeshapo. Mtu mwingine angeimaliza kazi ile kabla chai haijachemka. Yeye ilimlia asubuhi nzima. Alisukuma maji kidogo, akasimama kuyatazama yanaelekea wapi. Alichora mfereji kwa kijiti aone kama yatakubali kugeuka. Mengine yalikubali. Mengine yaliteleza kando na kwenda kutuama mbele ya mlango wa jirani, pale pale yanapotuama siku zote. Hapo ndipo alipokuwa haelewi, maana kwa macho yake mlango wa jirani ulikuwa juu kuliko ua wao.

"Daktari!" mama yake aliita kutoka jikoni. "Hayo maji unayafagia au unayapima homa?"

Daktari ndilo jina alilojulikana nalo mtaa mzima, na lilimpata angali mdogo. Shangazi yake, muuguzi wa hospitali kubwa ya mji mwingine, alikuja kuwatembelea akiwa na saa ndogo iliyoning'inia kifuani. Mtoto hakubanduka mapajani mwake, anaichezea saa. Wageni wakamuuliza, "Wewe ukikua utakuwa nani?" Naye akajibu, "Daktari, nimtume shangazi." Watu walicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo jina likamganda. Hakuna aliyejua kwamba kitu alichokitaka hasa kilikuwa ile saa.

Sasa alikuwa msichana wa darasa la mwisho, na jina lilikuwa limekua pamoja naye. Mwenye kuumwa jino alimpitia. Aliyeteguka mguu alimwonyesha. Yeye aliwajibu wote, "Kunywa maji mengi, upumzike," akishukuru moyoni kwamba ushauri huo haujamdhuru mtu. Baba yake, akimkabidhi mteja kochi, hakukosa kusema, "Kalia kwa raha, hilo limeshonwa na baba wa daktari."

Na likizo hii mambo yalikuwa yamefika penyewe. Shangazi angekuja wiki ile, na likizo ikiisha angeondoka na binti, akaishi kwake na kusoma sayansi katika shule iliyo karibu na hospitali. Kitanda kilikwisha nunuliwa. Baba alitengeneza godoro mwenyewe kwa sponji nene ambayo hata yeye hakuwahi kuilalia. Kila binti alipolipita lile godoro pale sebuleni, aliangalia pembeni.

Mtu wa kwanza kuambiwa siri yake alikuwa rafiki yake, aliyeitwa Redio kwa sababu zinazoeleweka.

"Nikikwambia kitu, hutatangaza?"

"Mimi?" Redio alishika kifua. "Mimi ni kaburi."

"Sitaki udaktari."

Redio alitoa macho. "Haya. Unataka nini basi?"

"Sijui."

"Hujui kabisa, au hujui kidogo?"

"Sijui hata chembe. Kila kitu nakitaka asubuhi, jioni nimeshakiacha."

"Basi funga mdomo uende," Redio alisema. "Mwenzio hata jina la kusingizia sina. Nikiulizwa nasema rubani, watu wanacheka, yanaisha."

Binti akafunga mdomo.

Siku shangazi alipotarajiwa, kelele zilisikika kutoka kwa jirani. Mama Kibogoyo aliingia mbio akiwa amembeba mwanawe, kile kitoto kilichong'oka meno ya mbele. Kibogoyo alikuwa amevuta kitambaa cha meza, na birika la chai likammwagikia mkononi.

"Daktari, nisaidie! Mwanangu kaungua!"

Mama na baba walikuwa wametoka. Binti alitazama mkono ule mwekundu, akamtazama Mama Kibogoyo, na macho ya yule mama yalikuwa yamejaa imani. Alijua vizuri kabisa kwamba hajui. Neno lilifika hadi kwenye ulimi. Lakini daktari gani anasema sijui? Akakumbuka aliwahi kusikia watu wakisema dawa ya meno hupoza. Akaichukua, akaipaka mkono wote mpaka ukawa mweupe kama umepigwa chokaa. Kibogoyo akazidi kupiga mayowe.

Mayowe hayo ndiyo yaliyompokea shangazi mlangoni. Hakungoja shikamoo. Aliacha mzigo chini, akambeba mtoto hadi bombani, akaiosha ile dawa taratibu, kisha akauacha mkono chini ya maji yanayotiririka. Aliuacha muda mrefu, mpaka kilio kikawa kwikwi, na kwikwi zikawa maswali.

"Nani aliyempaka?" shangazi aliuliza bila kugeuka.

"Daktari wetu," alijibu Mama Kibogoyo.

"Daktari yupi?"

Binti alitamani maji yale yamchukue aende nayo.

"Sikilizeni wote," shangazi alisema. "Mtu akiungua ni maji safi ya baridi yanayotiririka, tena kwa muda mrefu. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga. Vile vinashikilia moto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda. Kisha unafunika kwa kitambaa safi, unakwenda zahanati. Haya, twendeni."

Kule zahanati kidonda kilisafishwa vizuri, na mganga akasema mkono utapona. Shangazi alimwacha binti asimame karibu aangalie. Binti hakuona kinyaa wala hakuogopa. Ila alijikuta anatazama chini ya sinki, namna bomba lilivyopindwa kama goti, akijiuliza kwa nini wamelipinda badala ya kulinyoosha.

Jioni, walipobaki wawili uani, shangazi aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unajua unachokifanya?"

"Hapana, shangazi."

"Na ulikuwa unajua kwamba hujui?"

Binti akainamisha kichwa. "Nilijua."

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Hapo yote yakamwagika: jina, saa ya kifuani, godoro. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Alipofika kwenye saa, alicheka kidogo, akaivua, akaiweka kiganjani mwa binti.

"Shika. Miaka yote hii ungeiomba tu. Sasa kamwambie baba yako."

"Nitamwambiaje?"

"Ulivyoniambia mimi."

Asubuhi binti alikwenda karakana. Alingoja mpaka baba alipojaza misumari midogo mdomoni, kama afanyavyo anapopigilia kitambaa, mkono mmoja unavuta na mwingine una nyundo. Alijua wakati huo baba hawezi kujibu.

"Baba, sitaki kuwa daktari. Sikutaka tangu zamani. Niliogopa kusema."

Nyundo ikasimama hewani. Baba akaanza kutoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, anaipanga mezani. Binti hakuwahi kuona misumari inachelewa kuisha kiasi kile.

"Umenivizia," baba alisema hatimaye.

"Nisamehe, baba."

"Wateja nitawaambia nini?" Alijaribu kucheka, cheko lenyewe likagoma. Akakaa kwenye kochi lililokuwa bado mbao tupu. "Sasa unataka kazi gani?"

"Sijui. Na hilo ndilo linaloniogopesha. Wenzangu wote wanajua."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Kaka, mtoto huyu hajawahi kuulizwa akiwa na akili zake. Tulimuuliza akiwa mapajani mwangu, tukafunga mjadala. Likizo bado ipo. Aende akaangalie kazi za watu."

"Akaangalie nini? Kazi anazipita kila siku."

"Anapita zilizokwisha. Wewe mwenyewe, watu wanaona nini kwako?"

Baba akafikiri, mara uso ukamfunguka. "Wanaona kochi jipya. Hawaoni siku ya kung'oa misumari ya zamani, na vumbi, na mende wanaokimbia ndani ya sponji." Akamgeukia binti. "Haya, kaangalie. Lakini usimuulize mtu kazi yake ina raha gani, maana raha kila mtu ataisifia. Muulize inachosha wapi. Kisha omba ukamate hapo hapo, ujione."

Binti alitoka na swali lake, Redio nyuma yake.

Fundi cherehani alijibu kabla hajamaliza kuuliza. "Kufumua! Mtu kapimwa yuko hivi, anakuja kuchukua gauni yuko hivi." Akampa gauni afumue. Binti alifumua mshono mmoja kwa bidii, wa pili kwa kupiga miayo, wa tatu akachana kitambaa. Fundi alimtoa nje kwa heshima zote.

Kwa mwoka mikate, harufu ilimlewesha. Lakini kilichochosha kilikuwa kukwangua masinia yaliyoungua, na mkono wake ulikata tamaa mapema. Aliyeshika kwangulio na kukataa kuliachia alikuwa Redio, huku akiwasimulia waokaji habari za mtaa.

Fundi simu hakuinua hata kichwa. "Kinachochosha ni wateja. Simu imepasuka vipande, mwenyewe anaapa haijawahi kuanguka."

Siku zikaenda. Binti alirudi nyumbani kila jioni na hadithi, bila kazi. Mama akimuuliza, "Leo umekuwa nani?" anajibu, "Leo sijawa, mama," na wote wanacheka, ingawa usiku hofu ilimrudia. Godoro lilikuwa bado sebuleni.

Kisha asubuhi moja, alipokuwa anafagia maji tena, aliona watu barabarani mbele ya nyumba yao. Mwanamke aliyevaa buti na kofia ngumu alikuwa amesimamisha kitu cha miguu mitatu, anachungulia kwa jicho moja. Mbali kidogo, msaidizi wake alishikilia fimbo ndefu yenye namba.

Ufagio ukaanguka.

"Shikamoo dada. Samahani, unaangalia nini?"

"Marahaba, mdogo wangu. Napima wapi pako juu na wapi pako chini, ili mtaro ukichimbwa, maji yasimkosee mtu."

"Lakini hilo si linaonekana kwa macho?"

Mpimaji akatabasamu. "Kwako na kwa jirani yako, wapi juu?"

"Kwa jirani," binti alijibu haraka.

Mpimaji alimwita msaidizi asimamishe fimbo uani kwao, kisha chini ya ngazi ya mlango wa Mama Kibogoyo, na kila mara akamwachia binti achungulie mwenyewe. Binti alisoma namba, akasoma tena. Kwa jirani palikuwa chini, tena chini kwa kiganja kizima.

"Ngazi yake imejengwa ndefu," mpimaji alieleza. "Ndiyo inayodanganya jicho. Maji hayatazami ngazi."

Binti alihisi kama mtu aliyekuna mahali palipomwasha miaka yote. Lakini swali la baba hakulisahau. "Dada, kazi hii inachosha wapi?"

"Hapo kwenye fimbo. Unasimama juani, umenyooka kama mlingoti. Na tukifika mwisho wa barabara, tunarudi tulikoanzia tukipima upya."

"Upya tena? Si mmeshapima?"

"Ili tujue kama tulikosea. Namba zikikataana, tunaanza tena."

"Naomba niishike."

Msaidizi aliikabidhi fimbo kama mtu aliyefunguliwa mnyororo, akaenda kivulini. Binti aliishika kwenda, akaishika kurudi. Jua lilimchoma utosi, mikono ikafa ganzi. Namba zilipokataana, msaidizi aliguna, lakini yeye aliuliza, "Tumekosea wapi?" na kuinyanyua fimbo. Redio alikuja kumwita akale, akaondoka, akarudi, akakuta mtu yule yule amesimama pale pale.

"Hujachoka wewe?"

"Nimechoka sana," binti alisema, macho yanang'aa. "Sogea, unaniziba."

Jioni aliwasimulia wote, anamwaga maji sakafuni kuonyesha, mpaka mama akamnyang'anya kikombe. Mwisho akalitazama godoro. "Mpimaji anasema inahitaji hesabu na sayansi, tena nyingi. Lakini shangazi, nisikudanganye. Huenda huko mbele nikaona kingine. Kwa sasa nimepata pa kuanzia tu."

Baba alikwenda kulipiga godoro vumbi kwa kiganja. "Hili halijui unasomea nini," alisema. "Nililishona kwa ajili ya mgongo wako. Na wateja nitawaambia kochi limeshonwa na baba wa mtu anayeuliza maswali."

Shangazi akacheka, kisha akamvuta binti karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kutojua si kosa, na umri wako si wa kujua kila kitu. Kosa ni kujifanya unajua. Siku ile aliyelipia alikuwa mtoto mdogo. Ukisema sijui, watu watakusaidia, na wewe mwenyewe utaanza kutafuta. Na unapochagua kazi, usichague jina lake wala mavazi yake. Itazame siku yake inayochosha. Ukiona umechoka na bado unataka kuuliza, basi kaa hapo ujifunze kwa bidii."

Siku ya kuondoka, godoro likiwa limeshafungwa kamba, Kibogoyo alikuja kuaga. Mkono wake ulikuwa umepona, imebaki alama nyepesi tu. Nyuma yake alichechemea mzee mmoja wa mtaa, kifundo cha mguu kimevimba.

"Daktari yupo?" mzee aliuliza.

"Hayupo, babu," binti alijibu, akaweka begi chini na kumpa bega aegemee. "Mimi ya mguu siyajui. Zahanati naijua ilipo. Twende nikusindikize."