Diski Nne Dirishani

Kila asubuhi saa moja kamili, kabla ya gwaride, mimi ndiye niliyefungua chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa Kabazi. Nilikuwa kiranja wa chumba hicho, nikiwa Gredi ya Nane, na ufunguo niliuvaa shingoni kwa uzi mwekundu ili kila mtu auone. Ndiyo, nilijivuna. Nilifagia, nikapangusa vumbi mezani, nikafungua madirisha ya upande wa mashariki ili jua liingie.

Kwenye kona kulikuwa na kitu nisichoruhusiwa kugusa. Kilikuwa kisanduku cheusi chenye droo nne, kila droo na diski yake na taa ya kijani mbele. Mwalimu Kipngeno, aliyetufundisha kompyuta, alikiita seva. Humo mlikuwa na miradi yote ya Gredi ya Tisa: video, picha na maelezo ya wanafunzi sitini na mmoja, kazi ya mwaka mzima. Diski hizo zilikuwa zimegawana kazi ile vipande vipande. Moja ikifa, tatu zilizobaki huziba pengo lake. Zikifa mbili, kazi yote imepotea. Na kazi yote ilipaswa kutumwa kwa wasahihishaji Ijumaa.

"Wariara, kazi yako ni meza na sakafu," Mwalimu alikuwa amenionya. "Hiyo seva ikikohoa tu, niite."

Jumanne ilikohoa. Nilipofungua mlango nilisikia pii, pii, pii, na taa ya droo ya tatu ilikuwa nyekundu. Mwalimu Kipngeno alikuwa zamu, amesimama getini akiwangoja wachelewaji. Ningekimbia kumwita. Lakini nilijiambia kwamba kiranja wa maana hutengeneza mambo mwenyewe, tena dawa niliijua. Nyumbani, betri za redio ya guka, babu yangu, zikichoka, yeye huzitoa, huzipangusa kwa shati na kuzianika juani, na redio huongea tena hadi jioni. Diski nazo si hukaa ndani ya mashine kama betri?

Basi nikavuta diski zote nne, seva ikiwa bado inawaka. Nikazipangusa vizuri na kuzipanga kwenye ukingo wa dirisha, zote zikiota jua.

Hazijapata hata joto, nikasikia viatu vya Mwalimu kwenye kokoto. Nilizikusanya mbiombio na kuzisukuma ndani moja baada ya nyingine. Pii, pii ikageuka kuwa mlio mmoja mrefu. Taa zote nne zikawa nyekundu.

Mwalimu aliingia, akaitazama seva, akaitazama skrini. "Mungu wangu! Imekuwaje?"

"Nimeikuta hivyo, Mwalimu," nikasema.

Maneno yenyewe yalitoka kabla sijayafikiria.

Kufikia saa nne, shule nzima ilikuwa imejua. Binamu yangu Tabby, wa Gredi ya Tisa, nilimkuta ameketi peke yake nyuma ya darasa lao. Mradi wake ulikuwa wa kuangua vifaranga kwa katoni na balbu, na alikuwa amerekodi kila hatua.

"Sasa nitarekodi nini tena, Wariara?" aliniuliza. "Kuku wenyewe si tuliwala kwa ruracio ya dada yangu Wangu, siku ile ya mahari?"

Siku nyingine tungecheka hadi tushike mbavu. Siku hiyo nilitazama chini, nikaondoka. Githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, ilinishinda kula. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni mimi ninayeitwa, na jina langu lilipotajwa kwenye rejista niliruka.

Jumatano asubuhi fundi alifika kutoka Nakuru mjini, mwanamke mwembamba aliyeitwa Jepkemei. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuizima seva.

"Mmeiwasha tena mara ngapi?" aliuliza.

"Kama mara tano," Mwalimu Kipngeno alikiri.

"Aki, Mwalimu! Mgonjwa akianguka hatumsimamishi mara tano. Kuna mtu alizitoa hizi diski?"

Nilikuwa mlangoni na ufagio. Niliinama nikafagia palipokwisha fagiwa.

"Hapana," Mwalimu alijibu. "Ufunguo huwa na huyu msichana pekee, na yeye ni mwaminifu. Nadhani ni stima, umeme ulipotea usiku ukarudi kwa nguvu."

"Basi kila moja iko mahali pake." Fundi alichukua kalamu, akaziandika namba moja hadi nne jinsi zilivyokaa. Alieleza kwamba hangefanyia kazi diski zenyewe. Angenakili kila moja, kisha aziunganishe zile nakala kwa mpangilio huo huo, kama kupanga kurasa za kitabu kilichofumuka. Kunakili kungechukua mchana kutwa.

Usiku huo sikulala. Neno mwaminifu lilinirudia kila nilipofumba macho.

Alhamisi saa moja nilimkuta fundi, aliyekuwa amekesha humo, ameshika kiuno mbele ya skrini. Picha zilizotokea zilikuwa mistari na vipande vya rangi, hakuna uso wala mti. Mwalimu Kipngeno alikuwa kando yake.

"Hii ya pili imekufa, na hizo tatu ni nzima," alisema fundi. "Zinatosha, lakini zinakataa kuungana. Stima haifanyi hivi. Itabidi nizipeleke Nairobi, na huko ni wiki tatu."

Mwalimu Kipngeno alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. "Wazazi wanakuja saa sita kuulizia miradi," alisema polepole. "Nitawaambia ni mimi niliyezembea. Chumba ni changu."

Nilitaka kukimbia hadi nyumbani nijifungie. Badala yake nikasikia sauti yangu, ndogo kama ya mtoto wa chekechea: "Mwalimu, mimi ndiye niliyezitoa. Nilizianika dirishani."

Mwalimu alinitazama kana kwamba hanijui, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Fundi Jepkemei alivuta kiti. "Usilie kwanza. Nionyeshe. Ulizipanga vipi?"

Nilikwenda dirishani. "Ya kwanza hapa ukutani, ya pili, ya tatu, na ya nne huku karibu na seva."

"Na kurudisha?"

"Nilianza na iliyokuwa karibu. Ya nne."

"Ukaiweka droo gani?"

"Ya kwanza."

Alipiga paja kwa mkono. "Zimegeuka zote! Na ile iliyokuwa nyekundu mwanzoni?"

"Ya tatu, Madam."

"Ambayo sasa inakaa ya pili, na ndiyo maiti yetu." Alirudi kwenye kompyuta, akaacha iliyokufa kando, akazipanga upya zile nakala tatu.

Tulingoja. Sijawahi kuogopa hivyo. Saa tano na nusu, majina sitini na moja yalijipanga kwenye skrini. Fundi alifungua moja bila kuchagua, na mvulana akaanza kutueleza jinsi ya kujenga jiko la udongo. Mwalimu Kipngeno alifunika uso kwa viganja, akalia waziwazi, nami nikalia pamoja naye.

Ijumaa, kazi zote zilipokwisha kutumwa, aliniita. Alinyoosha mkono, nikamkabidhi ufunguo. Tulitembea hadi mlango wa Gredi ya Tisa.

"Mimi pia nina kosa," alisema. "Kazi ya mwaka mzima niliiweka mahali pamoja tu. Nimemwambia Mwalimu Mkuu, na sasa kuna nakala ya pili ofisini kwake. Lakini sikiliza, Wariara. Diski iliyokufa haikutuchelewesha. Kilichotuchelewesha ni uongo wako. Fundi alitafuta usiku kucha mahali pasipofaa kwa sababu wewe ulijua na ukanyamaza. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Mtu akijua ukweli anaweza kukusaidia."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Hawa bado wanaamini ni stima. Ingia uwaambie."

Ndani, vichwa sitini na kimoja viligeuka. Tabby alikuwa dawati la mbele, akinitabasamia. Nikamtazama yeye kwanza, nikaanza kusema.