Mipira Myeusi Kwenye Kisiwa cha Korongo

Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2019. Asubuhi hiyo ukungu mzito ulifunika Bunia, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati.

Pétronille alimshukuru Mungu kwa siku mpya. Alichukua panga lake akashuka kinamasini, karibu na mto Shari. Yeye na mume wake Lucien walikimbia vita kutoka upande wa Kpandroma. Sasa waliishi na binti yao Espérance ndani ya kibanda cha turubai. Pétronille alikata mafunjo na kusuka mikeka ya kuuza.

Katikati ya kinamasi kulikuwa na kisiwa kidogo. Mafunjo yake yalikuwa marefu kuliko yote. Lakini kukizunguka kisiwa, mtu alikuwa amefunga vipande vya mpira mweusi kwenye mashina. Nani? Kwa nini? Hakuna aliyejua.

"Ile ni dawa ya wachawi," alisema Mbambu, mkataji mwenzake. "Usiguse, mama."

"Mimi niko na Yesu," Pétronille alijibu. "Mupira wa baiskeli utanifanya nini?"

Akakata vipande viwili vya mpira, akaingia.

Ghafla ndege wawili warefu, wenye taji la manyoya ya dhahabu, waliruka mbele yake. Walilia kwa nguvu hata Mbambu akadondosha panga majini. Walikuwa korongo. Kifaranga mmoja alikimbilia ndani ya majani. Wa pili alijikunyata kwenye miguu ya Pétronille.

Pétronille alisimama akimtazama. Usiku ule waliposhambuliwa kijijini, hakuna mbwa aliyebweka. Lucien aliamka nyumba ikiwa inawaka tayari. Tangu hapo Pétronille hakulala usingizi mzima. Kila jioni aliomba, "Mungu, utupe mulinzi." Na sasa, huyu hapa mtoto wa ndege mwenye sauti kama tarumbeta! Akamfunga ndani ya kitenge, akampeleka nyumbani.

Lucien alicheka. "Huyu ndiye askari wetu? Hata kuku wa jirani atamupiga."

Kifaranga hakutoa sauti. Espérance alimpa uji, akaukataa.

"Mama, mbona halii?" mtoto aliuliza.

Pétronille alimfunika vizuri kwa kitenge.

Kabla ya saa sita za mchana, mzee mmoja alibisha hodi. Alikuwa Papa Kamate, fundi wa baiskeli; wakataji ndio waliomwelekeza. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Mkononi alishika vipande viwili vya mpira vilivyokatwa.

"Mama, ndege wangu walikuwa wane. Leo iko tatu."

"Ndege wako? Uliwanunua kwa nani?"

"Kwa Mungu," alijibu Kamate. Lucien akacheka tena.

"Kumbe ni weye unafunga mipira!" Pétronille alisema.

"Ni mimi. Ni alama, watu wasipite. Mwaka wa sita sasa. Kila asubuhi, mbele ya kufungua kazi, ninapita kuwahesabu."

"Hata siku za risasi?"

"Siku moja niliwahesabu nikiwa nimelala ndani ya matope."

"Sababu gani, Papa? Ni ndege tu."

Kamate aliketi kwenye kibao. "Zamani walikuwa wengi hapa. Watu wakachukua mayai. Wakachukua watoto, wakawakata mabawa, wakawafuga. Korongo wa namna hiyo hazai. Katika kinamasi hiki wamebaki wazazi wawili tu. Wakiisha hawa, mutoto wako atawaona kwenye picha."

Pétronille aliinamisha kichwa. Akamweleza habari ya usiku ule, ya moto, na ya maombi yake.

Kamate aliweka vile vipande vya mpira chini. "Pole sana, mama. Lakini mutoto huyu hawezi kulia vile leo wala mwezi ujao. Ile sauti kubwa ni ya wazazi. Wanalia mutu akikaribia kiota. Sisemi wao ni askari. Wanaweza kukosa kuona. Lakini kinamasi iko kando ya njia ya kuingia huku kwetu. Wakibaki pale, kartiye nzima, mutaa wetu wote, itawasikia. Tukiwasumbua, watahama."

"Wakimupata, watamukubali? Iko na harufu yangu."

"Wanamujua kwa sauti. Twende tuone."

Walimweka kifaranga kwenye ukingo wa kisiwa, wakarudi nyuma na kuchutama. Espérance aliomba huku macho yake yakiwa wazi. Muda ukapita. Ndipo kifaranga akalia, sauti nyembamba sana. Ndani ya mafunjo kitu kikaitika taratibu. Korongo mmoja akatokea, akainua mguu, akangoja. Kifaranga akamkimbilia.

"Amemujua!" Espérance alinong'ona.

Siku iliyofuata Kamate aliwafundisha wakataji. Wasiingie ndani ya mipira. Nje yake, wakate mashina yaliyokomaa tu. Machanga wayaache, na mizizi wasiing'oe, ili mafunjo yaote tena.

"Kumbe ile dawa ni hii?" Mbambu aliuliza. Wote wakacheka.

Wiki tatu zikapita. Alfajiri moja, korongo walilia kwa nguvu. Watu wakatoka na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Lucien na wanaume wengine walikwenda kuchungulia. Walirudi wakicheka.

"Ni ng'ombe! Ng'ombe tatu wamepotea. Siye tunakimbia ng'ombe!"

Watu walicheka mpaka machozi. Pétronille peke yake hakucheka.

"Nililala," alisema polepole. "Nililala usiku muzima, mpaka ndege waliponiamusha."

Kicheko kikakatika. Pétronille alitua godoro lake chini, akainua mkono wa kuume. Papa Kamate alikuwa pale, na Mbambu, na majirani wote.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema kwa sauti, "mimi Pétronille sitakata tena ndani ya mipira. Kila asubuhi nitapita na Papa Kamate kuwahesabu. Na siku ndege watakosa mumoja, mukuje kuniuliza mimi wa kwanza."