Kimalizio cha Tunu

Tunu alisimama mbele ya darasa, akafungua kinywa, na sauti ikatoka laini kama uji uliokorogwa vizuri. Alisoma ukurasa mzima wa habari za sayari ya Mirihi bila kukwama hata mara moja. Mwaka mmoja tu nyuma, binti huyu wa miaka kumi alikuwa akihangaika na jina lake mwenyewe, kigugumizi kikimkaba kwenye herufi ya kwanza mpaka wenzake wanachoka kumsikiliza.

Siri ilikuwa shingoni. Hapo palibandikwa kimalizio, utando mwembamba kama ganda la kitunguu, uliosoma mitetemo ya koo. Tunu akianza neno tu, kimalizio kilipima maneno yote yanayoweza kufuata, kikachagua yale yenye uwezekano mkubwa zaidi, kisha kikayatamka kwa sauti ya Tunu mwenyewe. Sauti hiyo ilitengenezwa kutokana na nyimbo zake, kwa sababu alipokuwa akiimba hakuwahi kukwama.

Nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mtoto kilichombana, Mhandisi Zamaradi Mkude alikuwa akitabasamu peke yake. Yeye ndiye aliyekibuni. Shule hii ya Morogoro ilikuwa na madawati yaliyowasomea wasioona, na ukuta ulioandika maneno ya mwalimu kwa ajili ya wasiosikia, lakini kila mgeni aliuliza kwanza habari za Tunu. Wiki iliyofuata vimalizio vingegawiwa shule zote za mkoa, na kilichobaki ni saini ya Zamaradi. Mtu akifikia hapo, akajisifu kidogo moyoni, tumsamehe tu.

"Haya, sasa vitendawili," alisema Mwalimu Kobelo. "Nani anaanza?"

Tunu akanyoosha mkono. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" darasa zima likaitikia kwa uvivu. Kitendawili hicho hata bibi zao walikuwa wamekichoka.

Tunu akatikisa kichwa, akajaribu tena. "Nyumba yangu haina mlango," ilisema ile sauti laini, haraka kuliko mwanzo, maana kimalizio hujifunza.

"Si..." Tunu akaanza, akitaka kusema sivyo.

"Sina neno," kimalizio kikasema.

Zamaradi aliacha kutabasamu.

Tunu akalishika lile ganda, akalibandua, akaliweka juu ya meza ya mwalimu. Kisha akavuta pumzi.

"Nyu... nyu-nyumba ya-ya..."

"Yangu!" alidakia Shomari wa dawati la mbele. Mwalimu alimkata jicho, naye Shomari akanywea. Ikawa kazi kwa kila mtu. Darasa lilikuwa limesahau kungoja. Wengine walitazama teksi za angani zikipita dirishani, mmoja akajikohoza bila kikohozi. Zamaradi naye aliihisi midomo yake ikitangulia kuyaunda maneno, akaiuma.

"I-ina mlango mmoja. La-lakini wa-wageni ndio wa-wanaonifungulia."

Wakajaribu. Kobe? Hapana. Kaburi? Hapana. Chombo cha anga? Hapana.

"Ni-nipeni mji," Tunu akadai.

"Tunakupa Dodoma!"

"Si-sitaki."

"Basi tunakupa mji wa Mwezini, wote, na kituo chake cha roketi!"

Hapo akaridhika, akacheka. "Ni ki-kinywa changu."

Watoto wakapiga makofi na kugonga madawati, kwa kuwa kitendawili kilikuwa kizuri, tena kipya. Zamaradi hakupiga makofi. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Kengele ilipolia alimfuata Tunu barazani, akachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, hiki kitu kinakukosea mara nyingi?"

"Ki-kila siku."

"Sasa mbona hukukivua?"

Tunu alichezea kifungo cha sare yake. "Si-siku ya kwanza ma-mama alilia kwa fu-furaha."

"Nitakifundisha upya," alisema Zamaradi. "Kikisie vizuri zaidi."

"Hapana. Ki-ki-kingoje."

Kingoje! Katika hesabu zake zote, Zamaradi alikuwa ameuandika ukimya wa Tunu kama hitilafu ya kuondolewa. Hakutia saini siku ile. Badala yake aliomba apelekwe kwa mama yake Tunu, kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kuambiwa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Bi Hidaya, fundi wa roboti za kufulia, alimpokea kwa bashasha iliyozidi kumtia mgeni aibu. "Karibu, Mhandisi, karibu! Kwanza tule, mengine baadaye. Wewe ndiye uliyenipa mtoto. Tena mtoto wa adabu! Kila jioni akimaliza sahani yake, 'Nashukuru, mama.' Majirani wananionea wivu."

Walikula wali na maharage. Tunu alikula bila kimalizio, akaifagia sahani, akainua macho.

"Na... na..."

"Nashuk..." mama akaanza kumsaidia. Zamaradi akamgusa mkono.

"Tumngoje, dada."

Wakangoja. Shingo ya Tunu ilikakamaa, akafumba macho, na Bi Hidaya akabana pindo la kanga yake.

"Na-naomba... u-uniongeze."

Bi Hidaya alimtazama binti yake, kisha sahani, kisha binti yake tena. "Kila jioni ulikuwa unataka kuniambia hivyo?"

Tunu aliitikia kwa kichwa.

"Yarabi! Mwaka mzima mwanangu analala hajashiba, na mimi nazunguka mtaani kujisifia adabu yake!" Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Akafunua sufuria, akapakua, akaongeza juu yake, na maharage yakafurika ukingoni mwa sahani.

Tunu alikula mpaka akaegemea ukuta kwa shibe. Hakushukuru wala hakusema lolote. Bi Hidaya hakuiondoa sufuria. Alibaki ameshika upawa mkononi, akimngoja, huenda kuna neno jingine linakuja.