Linki Isiyouliza Namba ya Siri

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Alishonea nyumbani, kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha ili apate mwanga. Mama mkwe wake alikaa upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amepooza miguu. Mikono yake ilikuwa mizima, na mdomo ulikuwa mzima zaidi. Kazi yake ilikuwa kufumua nguo zilizoletwa kurekebishwa.

"Mkwe wangu, ongeza sauti ya redio," alisema asubuhi hiyo. "Hawa wasoma habari siku hizi wananong'ona."

"Habari tutazisikia tukirudi, Mama. Zamu yetu ya kliniki itatupita."

Mama Pacha akakisukuma kiti hadi mlangoni. Gurudumu dogo la mbele likakwama kwenye kizingiti, likakatika. Kiti kikainamia mbele. Mama Pacha akamdaka mama mkwe wake kiunoni. Wote wawili wakaegemea mlango, wanahema.

"Umeumia, Mama?"

"Sijaumia. Ila moyo umeshuka hadi miguuni. Na huko kote kumelala, hautapata wa kuongea naye."

Walicheka. Hawakwenda kliniki siku hiyo.

Kiti hicho hakikuwa chao. Waliazimwa na kikundi kidogo cha mtaani. Kikundi kilikusanya viti vya magurudumu na magongo, kikawaazima wagonjwa bure. Mama Pacha alikuwa mweka hazina. Mwenyekiti alikuwa dereva mstaafu wa lori, mtu mpana mwenye sauti kama honi. Watu walimtania kwamba ndiye mwenyekiti pekee mwenye viti kweli.

Lakini viti vyenyewe vilikuwa hoi. Stoo ilijaa viti visivyo na tairi na visivyo na breki. Na huku nje watu walikuwa wanasubiri. Mmoja wao alikuwa fundi rangi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi ndefu. Mkewe alimbeba mgongoni kila asubuhi, kutoka kitandani hadi uani, ili apate jua.

Kikundi kilitegemea michango. Mwanzoni watu walitoa kwa moyo mmoja. Baadaye wakachoka. Wakimwona Mama Pacha anakuja na bahasha, huyu anakumbuka ana safari, yule anaanza kuongea kwenye simu iliyozimwa.

Kisha ukaja ujumbe kwenye simu ya mwenyekiti: "Hongera! Kikundi chako kimechaguliwa kupewa msaada. Bofya hapa." Mwenyekiti akabofya. Ukurasa ukamwomba namba yake ya siri ya simu. Akaiandika. Chai yake haijapoa, salio lote likawa limeyeyuka.

Aibu ilimuuma kuliko hasara. "Kuanzia leo," aliwaambia wanachama, "atakayeniletea habari za mtandaoni, tutakosana."

Jirani wa Mama Pacha alikuwa mkutubi katika maktaba ya umma. Jioni moja alikuja kuchukua sketi yake. Akakuta kiti kimepinduliwa sakafuni, na Mama Pacha anafunga gurudumu kwa waya.

"Dada, kiti hicho kitamwangusha mama tena."

"Gurudumu jipya lipo, nimeliona kwenye duka la mtandaoni. Cha kununulia ndicho kisichokuwepo."

Mkutubi akavuta kigoda, akakaa. "Wewe sindano na zipu zako unanunua wapi?"

"Huko huko mtandaoni. Wananiletea hadi mlangoni."

"Basi kila unaponunua, kikundi chenu kingeweza kupata kitu kidogo. Na wewe usilipe zaidi."

Mama Pacha akaweka koleo chini. "Usinifanye mtoto. Nani anatoa pesa bure?"

"Si bure. Mwenye saluni akikuletea mteja, unamfanyia nini?"

"Namshonea gauni kwa bei nafuu."

"Kwa nini?"

"Si ameniletea kazi!"

"Ndiyo hiyo hiyo. Maduka mengi ya mtandaoni humlipa kamisheni aliyeyaletea mteja. Zipo tovuti zinazounganisha maduka hayo na vikundi vya hisani. Kikundi kinajiandikisha, kinapewa ukurasa wake. Ukitaka kununua, unaanzia kwenye ukurasa huo. Unabofya jina la duka, kisha unanunua kama kawaida. Duka linajua umeletwa na kikundi, linatoa sehemu ndogo ya bei."

"Na nikienda dukani moja kwa moja?"

"Hapo kikundi hakipati kitu. Duka halitajua nani amekuleta."

Mama mkwe alikuwa ameacha kufumua. "Na sisi tusionunua kitu, mwanangu?"

"Unatafuta, mama. Ukiuliza jambo mtandaoni, majibu huja pamoja na matangazo. Wenye matangazo hulipa. Zipo tovuti za kutafutia zinazogawia vikundi sehemu ya malipo hayo."

"Yaani mimi niulize maswali, halafu kikundi kipate pesa? Mimi ninayeambiwa kila siku ninyamaze?"

Mkutubi akacheka. "Ni kidogo sana, mama. Lakini watu wakiwa wengi, inakusanyika. Ila usibofye tangazo ili tu pesa itoke. Huo ni udanganyifu, na kikundi kinaweza kufungiwa. Bofya lile unalolitaka kweli."

Mama Pacha akakumbuka yaliyompata mwenyekiti. "Tutajuaje kwamba na hawa si wezi?"

"Kwanza, tovuti ya kweli haimwombi mtu namba ya siri ya simu wala ya benki. Itataka cheti cha usajili wa kikundi na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Pili, usipitie linki uliyotumiwa na usiyemjua. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako. Na kabla hamjajiunga, tafuteni vikundi vilivyokwisha kulipwa, muwaulize. Someni masharti pia. Tovuti itajua mmenunua duka gani, kwa hiyo mjue taarifa hizo wanazifanyia nini."

Akainuka, akakunja sketi yake. "Halafu mtu asinunue asichohitaji kwa kisingizio cha hisani. Kama ana pesa ya kusaidia, aitoe moja kwa moja. Itafika nzima."

Kesho yake Mama Pacha alikwenda kwa mwenyekiti. Alimkuta anaosha stoo. Alipotaja tu neno tovuti, mzee akatupa ufagio.

"Nilisemaje mimi?"

"Ulisema tutakosana. Basi tukosane, lakini nisikilize. Shikamoo kwanza."

"Marahaba," akaitika kwa shingo upande.

"Ulipopata ajali na lori, uliacha udereva?"

"Ningekula nini? Nilijifunza kukagua breki kabla sijaondoka."

"Mimi nakuletea breki."

Mzee akaviangalia viti vilivyorundikwa ukutani. Kisha akaokota ufagio, akauegemeza mlangoni. "Twende kwa huyo mkutubi. Nitauliza mwenyewe."

Aliuliza kweli. Maktaba nzima ilimsikia. Wakapiga simu kwa kikundi kingine kilichokwisha kujiunga na tovuti mojawapo, kinachowasomea vitabu wasioona. Nao wakathibitisha kwamba wamelipwa zaidi ya mara moja. Hapo ndipo mwenyekiti akakubali, na kikundi chao kikaandikishwa.

Mama Pacha akawapitia wanachama na wateja wake. Safari hii hakubeba bahasha. "Sikuombi pesa," alisema. "Nakuomba tu, kabla hujanunua, anzia kwenye ukurasa huu." Mwenye saluni alinunua mafuta ya nywele. Seremala alinunua misumari, akasahau kupitia kwenye ukurasa, akajilaani siku nzima. Mama mkwe aliuliza habari za mvua, bei ya vitunguu, na kama tembo hulala amesimama.

Mwezi ukaisha bila malipo.

"Si unaona?" mwenyekiti alinguruma kwenye simu.

Mama Pacha mwenyewe aliingiwa na hofu. Akamwendea mkutubi, naye akamfungulia ukurasa wa kikundi.

"Pesa hizi hapa, zinasubiri. Mteja ana ruhusa ya kurudisha bidhaa. Duka halilipi mpaka muda wa kurudisha upite. Na tovuti nayo hungoja kiasi fulani kifike ndipo itume benki."

Wakavumilia. Hatimaye malipo yakaingia. Hayakuwa mengi. Yalitosha kutengeneza kiti kimoja tu.

Mama Pacha hakulala vizuri. Yeye ndiye aliyehangaika, na mama mkwe wake alikuwa anabebwa na mwanawe kama gunia kwenda kliniki. Nani angemlaumu akianza na kiti chao? Asubuhi alimweleza mama mkwe hali ilivyo.

"Yule fundi rangi amesubiri tangu lini?" mama mkwe akauliza.

"Kabla yetu, Mama."

"Basi unauliza nini? Mimi nina mwana mwenye mabega. Yule anabebwa na mke mwembamba kama sindano yako."

Kwa hiyo mwenyekiti akanunua tairi na breki kupitia ukurasa wa kikundi, akazifunga mwenyewe. Gurudumu la mama mkwe lilikuja na malipo yaliyofuata. Baadaye stoo ikaanza kuonekana sakafu. Michango nayo ikarudi kidogo kidogo, maana watu waliona kazi inafanyika.

Lakini kiti cha kwanza kilikuwa cha fundi rangi. Mama Pacha na mwenyekiti walikipeleka pamoja. Wakamkalisha, wakamwonyesha breki. Akashika magurudumu, akajisukuma mwenyewe hadi uani, akapita penye jua, akaendelea mpaka getini. Mkewe alisimama nyuma, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Nenda polepole!" akampigia kelele.

"Polepole nimekaa nayo mwaka mzima," alijibu fundi rangi, na akatoka barabarani.