Gari Jekundu Lililonukia Pilau

Msimu wa karafuu ukifika mji wa Mkoani, Pemba, mtoto hatafuti kazi. Kazi humtafuta yeye. Rahila, msichana wa darasa la sita, alikuwa na yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli alitandika majamvi uani, akamwaga karafuu zilizochambuliwa jana yake, akazitandaza vizuri zipate jua. Akirudi mchana alizigeuza, kisha akakaa kivulini na fimbo ndefu kuwafukuza kuku.

"Kuku hawali karafuu, Bibi," alinung'unika karibu kila siku.

"Hawali, lakini wanaparura," alijibu bibi yake, Bi Mwanapili. "Na karafuu isiyokauka kwa wakati huvunda, ikawa mpeta. Mpeta hauna harufu, hauna ladha, hauna anayeutaka. Kaa papo hapo!"

Mwaka ule uani palikuwa na mgeni. Mjomba Abdulsamad, mtoto wa mwisho wa Bi Mwanapili, alikuwa amerudi kutoka Maskati baada ya miaka mingi ya kazi, na alipofika Unguja akanunua gari aliloliota tangu ujana wake. Lilikuwa gari la mbio, jipya, jekundu kama kaa aliyepikwa, lenye milango miwili na viti viwili tu. Lilikuwa fupi kiasi kwamba Bi Mwanapili alipoingizwa ndani mara ya kwanza, ilibidi watu wawili wamvute mikono atoke. Watoto wa mtaani walilipa jina siku hiyo hiyo: Kaa.

Juu ya boneti yake Kaa alikuwa na tundu pana. "Hapo ndipo injini inapovutia pumzi," Mjomba alimweleza Rahila kwa fahari. "Sasa sikiliza. Ijumaa ijayo gari hili litampeleka dada yako Nusaiba kwa mumewe Chake Chake. Jumamosi ni zamu yako. Mimi na wewe, mpaka Konde, kaskazini kabisa ya kisiwa, na kurudi. Sharti langu ni moja tu: mtu asiliguse."

Rahila aliitikia kwa kichwa mpaka shingo ikamuuma. Konde! Tatu, rafiki yake, alipoambiwa, hakula andazi lake kwa wivu.

Jumapili Mjomba alikwenda shamba, na Bi Mwanapili na Nusaiba wakaenda kwa mshonaji. Rahila akabaki peke yake na karafuu zake na kuku wake. Jua lilikuwa kali. Mara akasikia sauti ya Tatu nje ya ua.

"Rahila! Tunacheza nage, tumepungukiwa na mtu mmoja!"

Nage ni mchezo wa kukwepa mpira, na hakuna aliyeukwepa kama Rahila. Aliwatazama kuku. Kuku nao walimtazama yeye, wakingoja aondoke tu. Ndipo macho yake yakamwangukia Kaa. Boneti ilikuwa pana, imechemka kwa jua, na hakuna kuku aliyewahi kuthubutu kuipanda.

Rahila hakuwa mtoto mbaya. Alitandika kwanza kanga kuukuu juu ya boneti ili rangi isikwaruzwe, kisha akahamishia karafuu zake juu ya kanga ile. "Zitakauka upesi kuliko jamvini," alijiambia. "Na sikuligusa mimi. Imeligusa kanga." Akakimbilia nage.

Mvua za Pemba hazibishi hodi. Alasiri wingu jeusi lilitokea upande wa bahari, na matone ya kwanza yalipomgonga Rahila alikuwa katikati ya mchezo. Alirudi mbio, akaivuta kanga kwa pupa kwa pembe mbili badala ya nne. Nusu ya karafuu zikabakia ndani ya kanga. Nusu nyingine zikabingirika boneti nzima, zikatumbukia ndani ya lile tundu kana kwamba ndiko zilikokuwa zikienda tangu mwanzo.

Alichungulia tunduni akaona giza tupu. Aliingiza mkono, haukufika. Mvua ikamwagika ndani, naye akarudi nyuma akijifuta uso. "Zitakauka humo humo," alisema kwa sauti ndogo, na yeye mwenyewe hakuamini.

Siku ya Jumanne, Kaa alishindwa kupanda mlima wa kutoka bandarini. Alikohoa, akatoa moshi mweusi, na taa ya njano ikawaka mbele ya usukani. Injini haikuwa na nguvu hata ya kumpita punda. Mjomba alifika nyumbani gari likisukumwa na wachukuzi wanne wa bandarini, huku watoto wakiimba nyuma yake.

"Hili ndilo la mbio?" Bi Mwanapili aliuliza mlangoni. "Mbona limekuja kwa miguu?"

Mjomba alicheka, ingawa kicheko hakikufika machoni. "Usijali, Mama. Gari hili lina dhamana."

Bi Mwanapili alishika kifua. "Lahaula! Dhamana? Kwani limekamatwa? Limefanya nini mpaka liwekewe dhamana?"

Nusaiba alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba akamweleza mama yake polepole kwamba dhamana hii si ile ya polisi. Ni ahadi ya kampuni iliyouza gari: likiharibika kwa kosa la kiwandani ndani ya miaka mitatu, wanalitengeneza wenyewe. "Nimeshawapigia simu. Fundi wao atakuja kesho kwa boti."

Kila mtu alitulia, isipokuwa Rahila. Aliijua sababu ya kile kikohozi. Alimfuata Mjomba mpaka barazani, akafungua mdomo. "Mjomba..."

"Naam, mwanangu? Unaogopa safari yako ya Konde itavunjika? Haivunjiki, inshallah."

Alijua kabisa kwamba akisema, hakuna Konde. Tena huenda hakuna Mjomba wa kumchekea vile. Akajibu, "Hapana, Mjomba, nilikuwa nakuamkia tu," akaondoka akijichukia.

Fundi Jaribu alifika Jumatano adhuhuri. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na begi lake la vifaa lilikuwa kubwa kuliko yeye. Alisalimia watu wote mmoja mmoja, akanywa maji, kisha akaingia garini. Alichomeka kompyuta ndogo chini ya usukani. Baada ya muda alitoa kichwa nje.

"Samahanini. Hili gari linanukia pilau."

Ua mzima ukaangua kicheko. "Fundi, hii ni Pemba, na huu ni msimu," alisema Mjomba. "Siku hizi hata mbuzi wetu wananukia karafuu."

Rahila peke yake hakucheka. Alikuwa jamvini na fimbo yake, na kuku walikuwa wakiparura mbele yake bila yeye kuwaona.

"Kompyuta inasema injini haipati hewa ya kutosha," Fundi Jaribu alieleza. "Sababu zinaweza kuwa kumi. Kanuni yetu ni kwamba gari lenye dhamana halifunguliwi uani kwa mtu bila sababu inayojulikana. Litapakiwa melini kesho, liende karakana yetu Unguja. Hesabu wiki tatu."

Nusaiba alishika mdomo. "Na harusi yangu ya Ijumaa?"

"Pole sana, bi harusi. Labda mwenye gari awe anajua chanzo, basi nitafungua hapa hapa." Fundi alitoa fomu na kalamu. "Tujaze. Swali la saba: Je, kitu chochote kigeni kimeingia kwenye injini?"

"Kitu kigeni?" Mjomba alijipiga kifua. "Ndugu yangu, juu ya gari hili hata nzi hatui. Andika hapana. Wallahi, hapana! Lete nitie saini."

Rahila alilisikia neno lile, wallahi, likampita mwilini. Mjomba alikuwa akiapa kwa Mungu juu ya jambo lisilo kweli, na aliyemfikisha hapo alikuwa ni yeye. Kalamu ilishuka kuelekea kwenye karatasi.

"Mjomba, usitie saini!"

Fimbo ilimponyoka. Wote waligeuka. Rahila alisogea mbele akilia, akasema yote: nage, kanga, mvua, tundu. "Si kitu kigeni, Mjomba," alimalizia kwa kwikwi. "Ni karafuu."

Mjomba aliweka kalamu chini. "Nilisema mtu asiliguse," alisema taratibu. Afadhali angepiga kelele.

"Ulisema, Mjomba. Nisamehe."

Fundi Jaribu hakungoja. Alifungua boneti, akalegeza parafujo nne na kuinua kifuniko cha kisanduku cheusi. Harufu ikapanda. Ndani, juu ya chujio la hewa, karafuu zilikuwa zimelowana, zikavimba na kushikana kama jamvi dogo jeusi. Alizichota kwa viganja viwili, akazimimina mbele ya Bi Mwanapili.

Bibi alizinusa, akakunja uso. "Mpeta mtupu!"

Fundi alichomoa chujio lililoziba, akaweka jipya kutoka begini mwake, akafunga. "Washa, bwana."

Mjomba aliwasha. Kaa alinguruma mpaka kuku wote wakarukia ukutani. Nusaiba alipiga kigelegele, majirani wakakipokea, na ua ukawa kama harusi imeanza siku mbili kabla.

Kelele zilipopungua, Fundi Jaribu alirudi kwenye fomu yake. "Jambo hili dhamana hailigusi, kwa sababu si kosa la kiwandani. Lakini sikiliza, Bwana Abdulsamad. Ungeandika hapana ukatia saini, nasi tukazikuta karafuu kule karakana, kampuni ingesema umedanganya na kuifuta dhamana yote. Nina miaka tisa katika kazi hii. Nimesikia viapo vya kila namna. Huyu mtoto ndiye wa kwanza kuniambia ukweli kabla sijafungua kitu." Akaandika kwenye swali la saba huku akisoma kwa sauti: "Kitu kigeni kilichoingia: karafuu."

"Futa hapo, fundi!" Bi Mwanapili alimkatiza. "Karafuu si ngeni Pemba. Mgeni ni hilo gari!"

Walicheka wote, na safari hii hata Rahila alicheka na machozi yake.

Hata hivyo, Mjomba hakusahau. Alimwamuru Rahila kuliosha gari lote, na kukaa jamvini wiki mbili bila nage. Safari ya Konde nayo ikasogezwa mpaka adhabu iishe. Rahila hakunung'unika hata mara moja. Ijumaa alisimama njiani akamwona dada yake akipita ndani ya Kaa, amejaa hina na tabasamu, na alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Wiki mbili zilipokwisha, Mjomba alifungua mlango wa kushoto. "Ingia. Ahadi ni deni."

Waliupanda ule mlima wa bandarini kama si mlima. Wachukuzi waliwapungia mikono, na mmoja akapiga kelele, "Leo hatusukumi?" Upepo ulipoingia dirishani, Rahila alinusa, akainamisha kichwa.

"Mjomba, bado linanukia."

"Liache linukie." Mjomba alitabasamu huku macho yake yakiwa barabarani. "Nitakwambia jambo, Rahila. Dhamana ya gari hili imeandikwa kwenye karatasi, na baada ya miaka mitatu itakwisha. Dhamana ya mtu haina karatasi. Ni neno lake. Ulikosea ulipokwepa kazi yako, na ulikosea zaidi uliponyamaza. Lakini ulisema kweli wakati ulipojua itakugharimu, na tangu siku ile, ukiniambia jambo sihitaji kuuliza mara mbili. Ukweli haukuzuii kukosea, mwanangu. Unakufanya uaminike hata baada ya kukosea."

Rahila alifungua kiganja chake. Humo mlikuwa na karafuu moja, nyeusi na kavu, aliyoiokota pembeni mwa boneti wakati akiliosha gari, akaianika jamvini na nyingine wiki zote mbili.

"Hii imekauka vizuri," alisema.

"Kwa sababu safari hii hukuikimbia," alijibu Mjomba, akakanyaga mafuta, na Kaa akaelekea Konde.