Bi Tope Hatoki

Mama yangu huitwa Bi Tope. Alipewa jina hilo kwa utani, kwa sababu hurudi nyumbani na matope mpaka mapajani. Hachukii. Husema, "Tope hili ndilo lililokusomesha wewe." Ni kweli. Maji ya bahari yakipwa, yeye na shangazi yangu huingia kwenye mikoko na ndoo zao. Huchokoa katika tope kombe, wanyama wadogo wa baharini wenye magamba, kisha huwauza sokoni. Maji yakijaa, hutoka. Baba ni fundi mwashi. Mimi nafundisha watu wazima kusoma, na habari hii nimeliandikia darasa langu. Nimeiandika nikiwa bado na hasira kidogo. Mtanisamehe.

Miaka michache iliyopita mikoko ya upande wa juu ilianza kufa. Majani yaligeuka manjano, yakapukutika. Ofisi ya misitu ikaja kupanda miche, mistari imenyooka kweli kweli. Wakubwa wakapigwa picha, wakaenda zao. Miche ikafa. Wakapanda tena, ikafa. Mara ya tatu walibadili mpiga picha, lakini mahali pa kupanda hawakubadili.

Kisha mkuu wa ofisi akaitisha mkutano darasani kwetu.

"Msitu unauawa na kina mama," alisema. "Mnakanyaga, mnakata. Kuanzia mwezi ujao, hakuna mtu kuingia."

Mama akasimama. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, tope likimkaukia miguuni.

"Sitoki," alisema.

"Mama, hii ni amri."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Sitoki. Upande wa chini tunaingia kila siku, na ni mzima. Upande wa juu hatuendi tena, kombe wameisha. Huko ndiko kunakokufa. Sasa muuaji ni nani?"

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka.

"Wewe umesomea wapi mambo ya misitu?"

"Humo humo."

Msichana mmoja alikuwa ameketi nyuma ya mkuu. Alikuwa mtaalamu wa misitu, mgeni katika ofisi ile. Akanyoosha mkono.

"Mkuu, swali la mama ni zuri. Naomba wiki mbili nikaangalie naye."

Mkuu alitazama watu. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Wiki mbili," alisema. "Baada ya hapo nafunga."

Kesho yake mtaalamu alikuja, akavua viatu.

"Mama, usinionyeshe miti," alisema. "Nionyeshe maji yanapita wapi."

Tulifuata mkondo kuelekea juu, sisi wanne: mama, shangazi, mtaalamu na mimi. Tulipofika kwenye tuta la njia ya sokoni, tukasimama. Mkondo uliishia pale.

Tuta lile alilijenga baba na majirani, miaka miwili nyuma, ili watu waende sokoni bila kulowa. Mawe yalipangwa vizuri, udongo ulishindiliwa. Baba alisifiwa. Mama mwenyewe aliwapikia wajenzi. Kila siku tulipita juu yake, wala hakuna aliyeuliza maji yatapita wapi. Niliona aibu.

"Mikoko hupumua," mtaalamu alieleza. "Mnaviona vijiti hivi vilivyochomoza kwenye tope? Ni mizizi ya kupumulia. Maji yakijaa, mizizi hunywa. Yakipwa, hupata hewa. Nyuma ya tuta hili maji ya bahari hayaingii, na ya mvua hayatoki. Jua likiyakausha, chumvi inabaki na kuzidi. Hata mkipanda miche elfu, itakufa."

"Tufanyeje, mwanangu?" mama aliuliza.

"Rudisheni maji. Yakipita, mbegu za mikoko zitaelea zenyewe, zitajipanda."

Jioni baba alipoambiwa, alisukuma sahani yake.

"Mnataka kubomoa kazi yangu?"

"Kazi yako ni nzuri, baba watoto," mama alisema. "Ndiyo maana hata bahari imeshindwa kupita."

Baba alijizuia kucheka, akashindwa.

"Wataniita mjinga."

"Wakikuita mjinga, nitawajibu mimi. Lakini sifukuzwi kwenye mikoko kwa sababu ya mawe yako. Hilo lisahau."

Baba aliirudisha sahani yake. Kisha akauliza mkondo wa zamani ulikuwa na upana gani.

"Hatua nane," mama alijibu bila kufikiri.

Baba na majirani wakachimba hatua nane, wakaweka daraja la mbao juu yake. Maji makubwa ya bahari, yale ya mwezi mpevu, yalipokuja, yalipita chini ya miguu yetu yakiwa na povu. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Wiki mbili zilipotimia, mkuu alirudi akitabasamu.

"Ahsanteni kwa kusaidia," alisema. "Sasa tuachieni sisi."

"Hatuachi," mama alisema. "Kusaidia ni kitu kimoja, kuamua ni kingine."

Akafungua ramani. Tuliichora darasani pamoja na mtaalamu. Ilionyesha mahali pa kombe, mazalio ya samaki na sehemu ya juu iliyohitaji kupumzika. Chini yake tuliandika kanuni. Kombe mdogo arudishwe. Mti mbichi usikatwe. Sehemu ya juu ifungwe mpaka miche ikomae. Kamati ya kijiji isimamie msitu, na nusu yake wawe wanawake, maana wao ndio wamo topeni.

"Msitu unasimamiwa na ofisi," mkuu alisema.

"Sheria inaruhusu ofisi na wanakijiji wasimamie pamoja, kwa mkataba," mtaalamu alimjibu polepole.

"Usipotaka," shangazi akadakia, "miche ya mara ya nne utaibeba mwenyewe."

Ilichukua wiki sita. Tulikwenda ofisini kwake mara tano, tukakaa kwenye benchi, tukakataa kuondoka. Hatimaye mkuu akatia sahihi mkataba. Mama alikuwa amekuwa mwanafunzi wangu kwa miezi mitatu. Na yeye akaandika jina lake taratibu chini ya lile la mkuu, likajaza mistari miwili.

Sasa ni mwaka wa pili. Sehemu ya juu imejaa miche ambayo hakuna aliyeipanda. Upande wa chini, ndoo ya mama hujaa kabla maji hayajaanza kurudi.

Wiki iliyopita mkuu alileta wageni. Alitaka kuwaingiza sehemu ya juu, wapigwe picha kati ya miche. Mama akawazuia njiani.

"Simameni hapo. Huku pamefungwa."

"Bi Tope, hunijui? Mimi ndiye mkuu wa ofisi."

"Nakujua sana. Ulitia sahihi na mimi nikatia. Hatukuandika kwamba miguu ya wakubwa haikanyagi."

Wageni walicheka. Mkuu alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Mama akaokota ndoo yake, akateremka kazini.